Kifuniko cha Chupa ya Tatu

Kihagara,
Jumapili ya pili baada ya Pasaka.

Kwa Baba yangu Benedikti,

Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama, ambaye najua saa hizi yuko jikoni anauliza nani tena kaandika. Ni mimi, Skolastika wenu, yule mliyemwoza huku chini ziwani mkadhani mtapumzika na kelele zake.

Goti lako linaendeleaje? Mama kifua chake? Sisi huku tunaamka na tunakula, tumshukuru Mungu kwa hilo. Mwanangu Oliva bado anakohoa na tangu juzi ana homa. Yosefu mume wangu ni mzima, ila ziwa limechafuka wiki hii na wavuvi wote wako nchi kavu wanagombana. Tangu tumzike mdogo wake Oliva, somo wako, nyumba imekuwa na nafasi kubwa mno. Sina neno jingine la kueleza.

Haya. Salamu leo nimezikata, unisamehe, maana kuna jambo haliwezi kungoja. Baba, ile asali uliyoitia kwenye chupa ya kahawia, ile uliyomwekea mtoto mchanga wa kaka Kandidi, usimlambishe. Usimpe mtu yeyote. Usiionje wewe, na Mama asiisogelee, namjua Mama na kijiko chake. Simama sasa hivi uiondoe ilipo, uiweke mahali pasipofikiwa na mtu wala kuku. Ukishafanya hivyo rudi ukae, usome yaliyobaki.

Haya haya nimemwambia mzee Lukas kwa mdomo, nikamfanya ayarudie mara tatu mpaka akanuna. Lakini nakujua, Baba. Utaambiwa na mchuuzi wa dagaa wa usipa mwenye baiskeli kwamba asali yako ina kasoro, utacheka mpaka ushike mbavu. Utasema, "Skola huyo, na mdomo wake," halafu utaifungua. Kwa hiyo lazima nikueleze sababu, na sababu yenyewe ni ya kuniumbua.

Soma mwenyewe. Usimpe Kandidi akusomee. Kisomo cha watu wazima ulikwenda kwa miguu yako, sisi watoto tukikuchungulia dirishani na kucheka baba mzima anaimba a, e, i, o, u. Leo ndiyo siku ya kisomo hicho. Soma polepole, hata ikichukua mchana kutwa.

Unakumbuka ulivyonifundisha nyuki? Kandidi alikuwa mwoga, akimsikia mmoja tu anajitupa kwenye shimo la ngolo, yale tunayolimia shambani, na kujifunika mabua. Ukanichukua mimi, watu wakasema unamharibu mtoto wa kike. Ulinionyesha nyuki wakubwa wanakokaa: kwenye uvungu wa mti mkubwa, kwenye nyufa za miamba ya miteremko ya kuelekea Lituhi, hata kwenye kichuguu kilichohamwa na mchwa. Mti ukishauona unauchanja alama yako kwa panga, mistari miwili ya kulala, na tangu hapo hakuna mwanamume wa kijijini kwetu Ruanda atakayeugusa hata akipita hapo na njaa ya siku mbili.

Halafu wale wadogo, wasiouma, wanaoingia machoni na kwenye nywele. Hao ndio uliowapenda. Ulisema wadogo hawatafutwi kwa kutembea, wanatafutwa kwa kukaa kimya, na ukaniangalia mimi, ukaguna. Ukanipa punje ya mahindi niishike kwa meno ya mbele, ukasema ikianguka tu tunarudi nyumbani. Nilikaa nayo mpaka mate yakanichuruzika kifuani. Ndipo tukauona mrija wao wa nta, mwembamba kama bua la nyasi, umechomoza ardhini, na nyuki mmoja baada ya mwingine anaingia kama mtu anayerudi kwake. Baadaye ukanionyesha wengine kwenye tundu la mti, na wengine kwenye ukuta wa ghala la udongo alilojenga babu.

Ndani mwao hamna masega, mna vijungu vidogo vya nta, na asali yao ni nyepesi, ina uchachu. Unachukua nusu ya vijungu, unarudishia udongo kama ulivyoukuta, unaondoka. Asali hiyo kwetu haiuzwi. Ni ya mtoto mwenye kifua, na ni ya mtoto anayetolewa nje mara ya kwanza, babu akamgusisha tone moja ulimini. Mimi nililambishwa hivyo, Kandidi vilevile, na wanangu wote wawili wewe mwenyewe uliwalambisha nilipowaleta.

Sasa tuje mwaka jana, nilipopanda huko kuwasaidia. Mibuni ilikuwa imechanua, shamba zima jeupe na harufu mpaka barabarani. Na wadudu walikuwa wameingia. Zamani ingekuwa kazi ya bwana shamba wa ushirika, anakuja na bomba lake, anapuliza, anaondoka na makopo yake. Lakini duka la ushirika limefungwa, na bwana shamba hajaonekana tangu habari za soko huria zianze. Siku hizi dawa inauzwa gulioni, hapo hapo kwenye vitunguu na mitumba. Kandidi akarudi na chupa tatu za kahawia, nene, hazina hata karatasi ya maandishi. Muuzaji alimwambia apime kwa kifuniko, kifuniko kimoja kwa bomba moja.

Wewe ulisema tungoje maua yaanguke. Ulisema nyuki wako kazini. Na mimi, mbele ya Kandidi na mkewe Agnesi, nikasema, "Baba, nyuki hawatulishi." Wakacheka. Nilijiona nina akili sana siku ile.

Siku mbili baadaye walikuwa wametapakaa chini ya mibuni. Na kwenye ukuta wa ghala, chini ya ule mrija wa nta ulionionyesha nikiwa mtoto, palikuwa na rundo dogo jeusi kama mbegu za mchicha. Ulichuchumaa pale muda mrefu, goti lako likiwa linauma hivyo hivyo. Mimi nilichukua ufagio nikawafagia, kwa sababu kuku walianza kuwadonoa na niliogopa kuku watakufa. Unaona, Baba? Nilijua. Nilijua vya kutosha kuwaogopea kuku.

Kesho yake nikaosha chupa. Hakuna aliyenituma. Ni chupa nzuri, zina kifuniko cha kuzungusha, na kwetu mwanamke akitupa chupa ya namna hiyo ataambiwa mvivu na mfujaji. Nikazipeleka mtoni. Nikatia mchanga nikatikisa, nikatia majivu, nyumbani nikatia maji ya moto, mara saba au nane kila moja. Nikanusa, zikanuka majivu matupu. Vifuniko nikavisugua kwa gunzi. Ila ndani ya kila kifuniko mna kile kikaratasi kigumu cha mviringo, kinachozuia kuvuja. Nilikigusa kwa kidole. Nikajisemea nikikibandua chupa haitafaa kitu. Nikakiacha.

Wewe ulikuwa na kibuyu chako cha asali, kile cheusi cha shingo ndefu, unachokiziba kwa nta. Nikakikejeli. Nikasema, "Baba, huyo Lukas atafika kwangu na kibuyu kikavu na baiskeli imelowa asali. Tumia chupa." Ukasema, "Hii ilikuwa ya dawa." Nikasema, "Nimeiosha mimi." Ukaniangalia, ukaipokea, ukasema, "Kama umeiosha wewe, sawa." Na mimi kibuyu nikakichukua, nikaja nacho huku kuwekea mbegu za maboga, ili usipate pa kurudi. Yale maneno yako, "kama umeiosha wewe," yananiamsha kila siku kabla ya jogoo.

Sijawahi kukuambia kwamba huku nami nina nyuki. Nilikuwa nataka uje uwaone mwenyewe, nikutambie. Walihamia kwenye ukuta wetu wa udongo, karibu na mlango, wale wale wadogo. Mama mkwe alitaka kuwaziba. Nikasimama mlangoni nikamwambia aanze kuniziba mimi. Benedikti wangu, somo wako, ndiye aliyekuwa mlinzi wao. Alikaa chini ya mrija na kipande chake cha muhogo, mtu akipita anamwambia, "Usipige kelele, wageni wa babu wamelala." Miaka mitatu, Baba, na sauti kama ya kwako, ya kuamrisha.

Kwaresima ilipoanza akashikwa na kifua. Nikakutumia salamu, na wewe ukaleta chupa ya kwanza, kutoka mzinga gani sijui, maana wa ghalani walishakufa. Ilikuwa imelala ubavu kwenye kapu la Lukas siku tatu nzima, asali inacheza kwenye kifuniko. Nilipoiona nilipiga kigelegele, majirani wakafikiri Yosefu amevua samaki wale wakubwa, mbasa.

Nikampa kijiko asubuhi. Nikampa kingine baada ya chakula cha mchana. Kijiko nikakilamba mimi, kichwa kikaniuma, nikasema ni jua la huku. Oliva akanyoosha mkono naye apate, nikamchapa kofi la mkono nikamwambia, "Hii si peremende, ni dawa ya mdogo wako." Akalia. Namshukuru Mungu kwa lile kofi, na kila nikimshukuru naona aibu.

Jua lilikuwa bado kali mtoto alipoanza kutokwa mate. Nikafuta, yakaja mengine. Jasho likamlowanisha mpaka shati likamganda. Mashavu yakawa yanachezacheza yenyewe, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Nikapiga ukelele. Yosefu akambeba, tukakimbia zahanati, mimi nyuma nimeshika kiatu chake kimoja. Mganga akamlaza, akauliza, "Amekula nini?" Nikasema ugali na usipa. "Na nini tena?" Nikasema, "Asali ya babu yake." Akaandika. Akauliza, "Nyumbani mna dawa ya shambani?" Mdomo wangu huu, Baba. Nikamjibu kwa ukali, "Sisi hapa tunalima muhogo, si kahawa. Usinitafutie makosa, mtibu mwanangu." Akaendelea kuhangaika naye. Mwanangu alikata roho mkononi mwangu, na mimi nilikuwa bado nimemkasirikia mganga kwa swali lile.

Tulimzika kesho yake. Mvua ilikuwa imekata njia ya kupanda kwenu, ndiyo maana mlipata habari baada ya wiki nzima. Tulisema ni kichomi. Nyie mkaambiwa ni kichomi, na mimi nikaamini hivyo hivyo. Ila mama mkwe, hapo hapo kwenye matanga, alisema kwa sauti kwamba kilichomuua mjukuu wake kimetoka milimani, kwa wachawi wa Umatengo. Nikamjibu maneno ambayo siwezi kukuandikia. Uchawi haukuwepo. Lakini mahali alipataja sawasawa.

Wiki ya nne baada ya mazishi niliishika ile chupa. Ilikuwa na asali zaidi ya nusu. Kuila sikuweza, kuimwaga moyo ulikataa, ni asali ya mikono yako. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema asali ikizidi warudishie wenyewe. Nikamimina kidogo kwenye kigae, nikakiweka chini ya mrija, pale pale mwanangu alipokuwa akikaa. Wakashuka wengi. Nikawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikapumua vizuri. Nikaenda kuteka maji.

Niliporudi walikuwa chini. Wengine wanazunguka chali mahali pamoja. Rundo dogo jeusi. Nikachukua ufagio, nikainama, na mkono ukasimama wenyewe. Nilishawahi kuinama hivyo na ufagio hivyo, juu ya rundo kama lile. Nikakaa chini, Baba. Nilikaa pale mpaka Oliva akaja kuniuliza kama tunapika.

Nikachukua kifuniko, nikakibandua kile kikaratasi kwa ncha ya kisu. Chini yake palikuwa na unyevu wa njano, na harufu ya siku ile ya kupuliza mibuni ikanijaa puani. Nikakifunga kwenye kitambaa nikaenda nacho zahanati. Mganga alinusa mara moja tu. Akakiweka mezani mbali, akanivutia kiti. Hakunikumbusha nilivyomtukana. Aliniuliza tu, "Mama Oliva, nyingine ziko wapi?" Nikasema sijui. Nilijua. Niliosha tatu.

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Nataka ulielewe hili, maana ndilo baya kuliko yote. Wiki tatu nimekaa na habari hii. Nilijiambia sina karatasi. Nilijiambia hakuna mtu wa kumtuma, na mzee Lukas amepita hapa mara mbili nikampa maji akaenda zake. Nilijidanganya kwamba kwenu nyuki wadogo wamekwisha, kwa hiyo utatoa wapi asali nyingine. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa utajiona wewe ndiye uliyemuua somo wako. Niliogopa macho ya Yosefu. Niliogopa mama mkwe atasema, "Si nilisema?"

Jana Lukas akaja tena. Akatoa kapuni chupa ya kahawia. Akasema, "Mzee wako alishuka mwenyewe mpaka miamba ya Lituhi, na goti lile, amelala huko siku mbili. Kapata viota viwili. Amesema hii ya Oliva, asije akamfuata mdogo wake. Na ya tatu kamwekea wa Kandidi, atamlambisha siku watakapomtoa nje."

Baba, nilimshikia kapu lake. Nilimwuliza, "Wameshamtoa?" Akasema alipoondoka bado. Nikamwuliza lini, akasema mambo ya wazazi yeye hayajui, yeye anajua usipa. Nilitaka kumpiga. Nilitaka nipande mlima saa ile ile, lakini Oliva anachemka homa, siwezi kumbeba wala kumwacha. Kwa hiyo nimemzuia Lukas asiende kuzunguka vijiji vya ufukweni, arudi kwenu leo leo baada ya misa. Nimechukua usipa wake wote niuuze mimi, aende mtupu, apande haraka. Yuko nje anakula na Yosefu, nimemwongezea ugali mara mbili ili nipate kumaliza.

Sasa nisikilize, maana utafika hapa umeshaanza kujilaumu. Hukumuua wewe. Asali yako ilikuwa safi tangu ilipotoka kwa wenyewe. Wewe uliuliza, na mimi nilikujibu. Wewe ulikuwa na kibuyu, na mimi nilikichukua. Ukitaka kumlaumu mtu usiku ukikosa usingizi, jina lake unalo, ulilichagua mwenyewe kanisani. Nilaumu mimi, nitavumilia. Ukijilaumu wewe nitashindwa.

Chupa iliyoletwa jana nimeifukia leo alfajiri, shimo la kiuno, mbali na kisima. Haikufunguliwa. Ile ya kwanza nilimpelekea mganga, akaizika. Hiyo yako ya tatu, ifukie hivyo hivyo, si karibu na mto, si kwenye mibuni, si penye nyuki. Kandidi achimbe, na usimgombeze, alinunua kilichouzwa. Mwambie tu asipulize tena maua yakiwa wazi, na kama ana chupa nyingine za dawa, azivunje. Na waliopata asali ya chupa kwako, kama wapo, nenda mlango kwa mlango. Najua ni aibu. Sema ni mimi.

Lukas anakuletea kibuyu chako. Nimezitoa mbegu, nimekisuuza kwa maji matupu, hakijawahi kuwa na kitu kibaya ndani. Sijui kama utataka tena kutafuta asali. Ukutani kwangu mrija bado upo lakini hakuna anayeingia. Oliva huenda kuuchungulia, anasema wageni wamesafiri, na mimi namwitikia.

Nikishamkabidhi Lukas barua hii namwambia Yosefu. Nimemwona akinichungulia mara mbili anashangaa naandika nini kirefu hivi. Nitamwambia leo, mama yake asikie naye. Niombee.

Mama mpe shikamoo yangu nyingine, na umwambie mwenyewe kwa namna yako, wewe unajua kumwambia. Kaka Kandidi msalimie. Agnesi mpe hongera ya mtoto, mwambie wifi yake atamshonea mbeleko. Shangazi wa ng'ambo ya mto, aliyenitunza nilipougua surua, umwambie sijamsahau. Na katekista aliyekufundisha kusoma, mshukuru kwa niaba yangu, hajui alifanya kazi gani.

La mwisho, Baba. Kama chupa ya tatu haijafunguliwa, ondoa kifuniko chake kabla hujaifukia, ukifunge kwenye jani la mgomba usikishike kwa mkono mtupu, umpe Lukas aniletee. Nikikiona tu nitajua, hata usiponiandikia neno. Nitakuwa nakaa pale njia ya milimani inapoingia kijijini, kila siku kuanzia Alhamisi.

Na kama ilishafunguliwa, usimpe Lukas kitu. Usimtume na neno. Apite tu mbele yangu na baiskeli yake, mikono mitupu, nitaelewa.

Binti yako aliyeziosha,
Skola